Uhamishoni Ng'ambo ya Daraja

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeamua. Mimi ni mwandishi. Sijamwambia mtu. Nimejiambia mwenyewe kwenye kioo cha bafuni, bomba likiwa wazi ili Mama asisikie.

Kuna tatizo moja tu. Mwandishi wa kweli wa Ireland haishi Ireland. Nimechunguza. Anazaliwa hapa, ananyeshewa, anaondoka, kisha anakaa juani huko ng'ambo akiandika habari za ile mvua. Mtazame Assumpta Gilrane. Kazaliwa hapa hapa Knockaree, kwenye nyumba anayoishi sasa kaka yake Malachy, na yuko Ureno tangu kabla sijazaliwa. Ana vitabu vya mashairi, vya insha, na vitatu vya kumbukumbu za maisha yake. Nimevisoma vyote. Katika insha moja anasema hakuwahi kuuona mji wetu vizuri mpaka alipouacha. Nimepigia mstari kwa wino mwekundu. Kitabu ni cha maktaba. Mungu atanisamehe, maktaba sijui.

Na mimi je? Miaka kumi na sita, na bado nalala chumba kile kile, chini ya picha ile ile ya Bikira Maria. Nitatamanije nyumbani wakati nimo ndani?

Lakini leo mwalimu wetu wa fasihi katangaza jambo. Assumpta Gilrane anakuja Jumamosi kusoma maandishi yake maktabani. Anayetaka aandike ukurasa mmoja kuhusu nyumbani. Atakayemvutia atakwenda kukaa kwake Ureno mwezi wa Julai, afundishwe kuandika. Mwezi mzima! Uhamisho halisi, wenye ndege na miti ya malimau! Lazima niwe mimi. Nisipokuwa mimi nitazeeka hapa nikiuza mbolea.

Blánaid Mulvey, anayekaa dawati la mbele yangu, aligeuka akaniambia nisijisumbue, kwa sababu babu yake yumo kitabuni. Ni kweli. Kumbukumbu ya pili, ukurasa wa sitini na moja: Packie Mulvey anaanguka na baiskeli mbele ya kanisa, suruali inachanika, padri anatazama mbinguni. Mistari minne. Tangu kitabu kitoke akina Mulvey wanatembea mjini kama ukoo wa kifalme.

Nilikuwa na jibu kali la kumrarua. Nilipofungua mdomo likatoka, "Haya."

Sisi akina Tarpey hatumo popote. Mji mzima ulinunua vile vitabu, na wote walivisoma kwa njia moja: kujitafuta. Mama alijitafuta mara mbili. Anasema anamshukuru Mungu kwamba hayumo. Alisema hivyo huku akibwaga sufuria mezani.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda uhamishoni.

Nilimwomba Mama ruhusa nikakae kwa Shangazi Concepta, ng'ambo ya daraja. Huko ni kaunti nyingine kabisa, Roscommon. Sisi watu wa Leitrim tuna mengi ya kusema juu ya watu wa Roscommon, hasa kuhusu mpira na kondoo. Mama akauliza nimegombana na nani. Nikamwambia mwandishi anahitaji umbali. Akasema umbali gani huo, jiwe likitupwa linafika. Kisha akanipa keki ya tufaha nimpelekee shangazi.

Nilivuka kwa miguu, mvua ikininyeshea, begi begani. Katikati ya daraja nikasimama kuitazama nchi yangu kwa mara ya mwisho, kama Assumpta katika kumbukumbu ya kwanza. Lori la maziwa likapita kwenye dimbwi likanimwagia maji yote. Mateso mazuri! Nikayaandika papo hapo. Karatasi ikalowa, ikamong'onyoka mkononi.

Shangazi kanipa chumba cha mbele. Dirisha linatazama mto. Ng'ambo ya mto, jiko letu. Nikakaa nikaanza kutamani nyumbani. Nikamwona Mama akiosha vyombo. Naye akaniona. Akapunga mkono. Akafungua dirisha na kuuliza, kwa sauti iliyosikika kaunti mbili, kama nimevaa fulana ya ndani. Bwana mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa upande huu akamjibu kwa niaba yangu: "Kaivaa, mama! Naiona shingoni!"

Nimefunga pazia.

Hata hivyo nimeanza ukurasa wangu. Unaanza hivi: "Ewe Knockaree, uliye mbali sana nami." Hapo Shangazi aliingia na viazi vya kuponda na kabichi, akauliza kama kazi hii ya kuandika inakondesha au inanenepesha. Alisema mjomba wangu alipokuwa Boston alilia wiki nzima, hakugusa chakula. Mimi nilikuwa naongeza sahani ya pili. Nikajaribu kulia. Viazi vilikuwa na siagi nyingi mno.

Jumatano, 12 Februari

Uhamisho umevunjika.

Asubuhi Blánaid alikwisha litangazia darasa zima kwamba nimehamia Roscommon. Kutwa nzima wavulana wamenililia "Mee! Mee!" kama kondoo, hata kwenye foleni ya choo. Mmoja akaniuliza kama kule nalala ndani au malishoni. Nilimtazama kwa macho ya msanii aliyeonewa. Akaniuliza kama naumwa tumbo.

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa ameniwekea chakula changu kwenye oveni, kama mtu aliyejua.

Lakini ukurasa nimemaliza! Beti nne kuhusu ukungu. Nimeutia kwenye boksi la mwalimu la kukusanyia kurasa. Aliutoa akausoma pale pale. Akauliza ukungu huu ni wa wapi. Nikasema wa Roscommon, unavyoonekana na mtu anayeikumbuka Leitrim. Akavua miwani polepole akafumba macho. Bila shaka umemgusa.

Blánaid bado hajaandika hata neno. Analalamika kwamba Knockaree hakutokei kitu, aandike nini? Maskini. Boksi linafungwa Jumamosi mchana. Naona kama nimekwisha panda ndege.

Alhamisi, 13 Februari

Usiku nimewaza. Ukurasa pekee hautoshi. Lazima Assumpta anikumbuke. Kama Packie Mulvey aliingia kitabuni kwa kuanguka, kwa nini mimi nisiingie? Na kuanguka siyo hakimiliki ya mtu.

Mpango: Jumamosi asubuhi, Assumpta akifika nyumbani kwa Malachy, nitapita na baiskeli, nitaanguka mbele ya geti, kwa uzuri, kwa huzuni kidogo. Leo baada ya shule nikaenda kufanya mazoezi. Malachy hakuwepo, alikuwa machungani na ng'ombe wake. Mapazia yalikuwa yamefungwa.

Anguko la kwanza: la woga mno. Nilishuka zaidi kuliko nilivyoanguka. La pili: zuri, ila hakuna aliyeona isipokuwa paka. La tatu: breki ilikatika. Nilipita kwenye ua wa miiba, nikapita juu ya ndoo ya ndama, nikaishia na kichwa mlangoni.

Mlango ukafunguka.

Assumpta Gilrane! Mwenyewe! Nguo nyeusi mpaka miguuni, shali nyeusi, macho mekundu kama nyanya. Akaniuliza kama nimekufa. Nilitaka kumwambia kwamba nimesoma kila neno lake, kwamba insha zake zimebadili maisha yangu, kwamba mimi pia ni mwandishi. Nikasema, "Haya."

Alinibandika plasta kidevuni. Akaeleza kwa sauti ya puani kwamba kaja mapema apumzike, kapata mafua ndani ya ndege, na kichwa kinamgonga hata hawezi kuvumilia mwanga. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote kwamba yupo. "Wakijua tu, kijana wangu, watakuja mmoja mmoja kuniuliza kwa nini hawamo kitabuni." Nikaapa. Siri kati ya waandishi wawili! Hakuniuliza jina. Waandishi hatuhitaji majina.

Nyumbani Mama akaiona plasta. Akauliza nani kanibandika. Nikanyamaza. Akauliza, si nimetokea upande wa kwa Malachy?

Nikasema, "Sina ruhusa kusema."

"Ruhusa ya nani wewe?"

Nikatazama dari. Akauliza kama mapazia ya Malachy yamefungwa mchana huu. Nikasema siwezi kuzungumzia mapazia. Akakaa kitini. Akauliza polepole kama Assumpta amerudi. Sikusema ndiyo! Ila masikio yangu yakawa mekundu. Siku zote hujibu bila idhini yangu. Akauliza kama amevaa nyeusi. Kama alikuwa analia. Nikamwambia nimeapa.

Mama akafanya ishara ya msalaba. Akasema, "Maskini Malachy."

Nilidhani anamhurumia kwa kupata mgeni. Kisha akachemsha mayai yote yaliyokuwemo ndani. Usiku tumekula mkate na jamu. Ajabu.

Lakini kiapo sikukivunja. Nataka iandikwe hivyo.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi mwalimu kasimamisha darasa. Kimya kwa ajili ya marehemu Malachy Gilrane.

Malachy kafariki! Na mimi jana nilikuwa naangukaanguka kwenye ua wa wafiwa! Sasa kila kitu kikanielea: nguo nyeusi, mapazia yaliyofungwa kama ya nyumba yenye msiba, macho. Mafua! Alinificha uchungu wake, mama wa watu. Nikaomba kwa moyo wote. Nilijilaumu pia kidogo. Mwandishi mzuri angetambua.

Baada ya shule nikaenda na Mama, yeye na sinia la sandwichi za mayai, mimi na suruali ya kanisani. Foleni ilianzia mlangoni ikafika darajani. Unaingia, unampa mkono mfiwa, unatoa pole, unaingia jikoni kunywa chai na kusema jambo jema moja juu ya marehemu. Ndivyo inavyofanyika. Cathal Bohan, mwenye baa na mwenye majeneza, biashara mbili mlango mmoja, alikuwa kasimama kofia mkononi, akiupima mlango wa chumba kwa macho.

Assumpta alisimama pale na blanketi mabegani, akishikwa mkono na watu mia. "Pole sana, Assumpta. Pole sana, binti yetu." Naye akawa anawashukuru machozi yakimlengalenga. Baadaye alieleza kwamba gazeti moja la Dublin lilikuwa limeyaponda mashairi yake mapya, naye akadhani mji mzima umesikitika. Aliguswa sana. Hakujua Knockaree inapenda ushairi kiasi hicho.

Jikoni watu walikuwa wanamsifu Malachy. Kazi haikuwa ndogo. Packie Mulvey alisema marehemu alikuwa mtu wa kuthamini vitu vya watu, kwani tela la Packie alilikopa msimu wa kukata majani akalithamini mpaka leo. Mama akasema alikuwa msafi, kwa kadiri alivyoonekana. Mwingine akasema aliimba vizuri. Watu wakatazama vikombe vyao. Akaongeza kwamba angalau alikuwa akiambiwa anyamaze, ananyamaza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Malachy.

Gambuti miguuni, samadi mpaka magotini. Akatazama watu. Akatazama sandwichi. Akaketi pembeni ya jiko, akachukua moja. Bohan akampitishia sukari bila kugeuka. Malachy akakoroga. Akasikiliza. Packie akalirudia tela, kwamba hana kinyongo, ila tela lilikuwa jipya.

Malachy akasema, mdomo umejaa, "Jipya wapi, Packie? Gurudumu lenyewe bovu. Nilikwambia."

"Wewe nawe," Packie akafoka, "marehemu hasemwi hiv..."

Akageuka.

Sijawahi kusikia mwanaume wa umri ule akitoa sauti ile. Kikombe kikavunjika. Watu wawili wakapiga magoti. Bohan alimtazama Malachy kama mteja aliyeghairi.

Malachy akauliza nani kasema amekufa. Wote wakamtazama Mama. Mama akanitazama mimi.

Nikajitetea. Mimi sikusema chochote!

"Ndiyo hivyo hivyo alivyosema!" Mama akapaaza sauti. "Hakusema chochote! Mngemwona alivyokuwa hasemi!"

Hakuna aliyeondoka. Chai ilikuwa moto, na sandwichi zilikuwa nyingi. Malachy alisema amevutiwa, waendelee pale walipofikia. Akataka hasa kusikia tena ile ya usafi.

Mimi nilikimbilia nyuma ya banda la ndama kuficha uso wangu. Blánaid alikuwa huko, kakalia ndoo, anaandika mbio mbio. Nilimwonea huruma, muda umemwishia namna hii. Nikamuuliza kama anataka nimwazime beti moja ya ukungu. Akaniambia, "Hebu nyamaza, Fintan, naitafuta ile sauti aliyopiga Babu."

Jumamosi, 15 Februari

Nina mikono mizito. Lakini mwandishi huandika.

Maktaba ilijaa. Malachy alikaa mstari wa mbele akipongezwa. Mimi nilikaa nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo, kwa sababu ya aibu, ila palikuwa na nafasi ya kuona.

Assumpta alisoma mashairi mawili. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kisha akasema hayo ni ya Ureno, sasa ya hapa, akatoa karatasi alizoandika asubuhi hiyo kwa ajili ya kumbukumbu yake ya nne: matanga ya kaka yake aliye hai. Mungu wangu! Watu walicheka mpaka wakashikana. Bohan yumo. Tela limo. Mama yumo! Mama na mayai yake, nusu ukurasa! Mama, ambaye anamshukuru Mungu kwamba hayumo, alinifuata nyuma ya rafu akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Alikuwa analia kwa furaha.

Kisha Assumpta akasoma: "Na yote haya yalianza na kijana mwembamba aliyenijia kupitia ua akiwa juu ya baiskeli."

Mimi! Nimo! Ukoo wa Tarpey umo!

Akaendelea: "Bila shaka mjukuu wa Packie Mulvey, maana kuanguka ni kipaji cha ukoo ule."

Packie alisimama akainama kwa watu. Akapigiwa makofi.

Nilinyanyua mkono juu ya rafu ili nisahihishe. Assumpta akauona, akaniuliza kwa upole nataka kusema nini. Maktaba nzima ikageuka.

Nikasema, "Haya."

Anakwenda Blánaid. Ukurasa wake ni habari za jikoni jana, mwanzo mpaka mwisho, na sauti ya Packie imo. Assumpta alisema alipousoma aliisikia upya.

Baadaye akanitafuta. Alisema ameusoma ukungu wangu mara mbili. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyeanguka kwenye ua. Ndiyo. Kama mimi ndiye niliyenyamaza mpaka mama yangu akachemsha mayai. Ndiyo. Kama jana nilikuwemo jikoni. Ndiyo. Na boksi lilikuwa wazi mpaka leo mchana? Ndiyo.

"Na ukaniachia ukungu wa Roscommon," akasema.

Akaniwekea mkono begani. Akaniambia, "Sikiliza, kijana wangu. Mimi nilihitaji kwenda mbali kwa sababu nilikuwa kiziwi. Wewe huhitaji Ureno. Kakae jikoni kwa mama yako, ufungue masikio." Nilitaka kumwomba afute lile jina la Mulvey. Badala yake nikaitikia kwa kichwa. Maneno yale sitayasahau kamwe.

Jumapili, 16 Februari

Misa nzima nimeyatafakari maneno ya Assumpta. Usingizi sikupata, macho yamevimba. Lakini sasa nimeelewa. Naona wazi kabisa nilipokosea.

Roscommon iko karibu mno.

Binamu yake Mama, Dympna, anaishi Longford. Safari ya basi! Nyumba yake haina mto, haina dirisha linalotazama jiko letu, na ukungu wa huko nasikia ni mzito zaidi. Nitakaa mpaka nipatamani nyumbani kwa dhati. Nimefunga begi. Nimevaa suti nyeusi ya Baba, ile ya mazishi, maana mtu anayeiacha nchi yake yumo katika maombolezo. Mikono yake inanifika kwenye vidole. Inapendeza.

Safari hii ni siri. Ukiaga unapewa keki.

Mama kanikuta kwenye ngazi. Akaitazama suti. Akayatazama macho yangu. Akauliza naenda wapi nimevaa hivyo. Nikamwambia, kwa utulivu mkubwa, "Sina ruhusa kusema."

Akauliza kama ni Longford. Nikatazama dari. Nahisi masikio yalijibu.

Mama kafanya ishara ya msalaba. Kasema, "Maskini Dympna." Sijui kwa nini anamhurumia, mimi siyo mgeni msumbufu. Sasa yuko kwenye simu, anaongea chinichini na Bwana Bohan, na sufuria kubwa iko jikoni inachemka.

Mama yangu ana moyo wa dhahabu. Ananipikia mayai ya safari.